Nyimbo za mgonjwa, mwenyewe achague

MGONJWA wa kiharusi anaporuhusiwa kurudi nyumbani, hutoka hospitalini na mfuko wa dawa, kadi ya kliniki na jamaa wenye maswali mengi. Siku hizi, hapa Mombasa, nakuta pia kitu kingine ambacho hakikuandikwa na daktari yeyote. Nacho ni orodha ya nyimbo. Mtoto aliye Muscat anatia nyimbo tatu, aliye London anatia tano, mjukuu aliye nyumbani anazikusanya katika simu, na alasiri mgonjwa anafunguliwa taarabu za zamani ili apate nafuu.

Nimeulizwa mara kwa mara kama jambo hili lina faida yoyote au ni kujiliwaza tu. Faida lina. Lakini lina namna yake pia, na asiyeijua namna hiyo anaweza kumtesa mgonjwa huku akidhani anampendeza. Nasema hivi kwa kuwa mimi mwenyewe nilikosea, na kosa langu nitalieleza.

Mgonjwa wangu alikuwa mama wa miaka 70 na ushei, mjane, mkaaji wa Mji wa Kale. (Mtaa wake sitautaja, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili asijulikane.) Alfajiri moja aliamka kutawadha. Mkono wa kulia ukakataa, birika likaanguka, na alipotaka kuita watu maneno hayakutoka. Vijana walimtia kitini wakambeba hadi Ndia Kuu, kwa sababu tuktuk haiwezi kuingia katika uchochoro wao. Alhamdulillahi, aliokoka.

Baada ya majuma mawili alirudi nyumbani. Mguu ulikuwa umeanza kupata nguvu, naye alifahamu takriban kila alichoambiwa. Lakini katika maneno yote ya maisha yake alikuwa amebakiwa na moja tu, nalo ni "basi". Akitaka maji alisema "basi". Akitaka kugeuzwa ubavu, "basi". Akimfurahia mgeni, vilevile "basi". Hali hii ni ya kawaida kwa waliopigwa na kiharusi upande wa kushoto wa ubongo. Neno moja hung'ang'ania ulimini, na mgonjwa hulitumia kwa kila haja, mara nyingi bila kukusudia.

Watoto wake wanne walipanga orodha ya nyimbo 43 wakaiita "Nyimbo za Mama". Ilikuwa ikifunguliwa baada ya Alasiri mpaka karibu na Isha. Siku za mwanzo mambo yalikuwa mazuri kabisa. Mama alitikisa kichwa, akapiga mdundo kitandani kwa mkono wa kushoto, na siku moja akavumisha sauti ya wimbo mzima. Nyumba nzima ililia kwa furaha.

Juma la tatu mambo yaligeuka. Jioni, kabla ya Magharibi, alianza kulia, kutetemeka na kupiga ukuta kwa mkono mzima huku akisema "basi, basi, basi". Shangazi mmoja alisema ni pepo. Mtoto aliye ng'ambo alisema ni ugonjwa wa huzuni, maana alikuwa amesoma. Mimi nilifikiri ni ubongo ulioumia, kwani kiharusi kinaweza kumfanya mtu alie au acheke bila sababu, na nikamwandikia kidonge cha kumtuliza. Kidonge kilimtuliza kupita kiasi. Alilala fofofo siku mbili, na aliponyweshwa uji nusu uende mapafuni. Nilikikatiza siku hiyo hiyo.

Aliyegundua ukweli ni mjukuu wake, msichana wa sekondari ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. Aliniambia: "Daktari, bibi halii kwa sababu ya jioni. Hulia wimbo wa tisa ukianza. Juzi nilizichanganya nyimbo, ule wa tisa ukaja wa pili, naye akalia mapema."

Tuliufungua wimbo ule kwa sauti ya chini kabisa, mimi nikimtazama uso. Mistari miwili haikwisha. Ulikuwa wimbo ulioimbwa katika harusi ya bintiye mkubwa, na binti yule alifariki dunia miaka michache baadaye akijifungua. Mtoto aliyeutia katika orodha alikuwa mdogo sana siku ya harusi. Alichokumbuka ni taa, pilau na watu kucheka. Alipoupata katika intaneti alifurahi, akauweka kama zawadi kwa mamake.

Kumbe zile "basi" za jioni zilikuwa "basi" za kweli.

Wimbo hukaa wapi?

Msomaji atauliza, imekuwaje mtu ashindwe kusema "nipe maji" na aweze kuvumisha wimbo mzima? Kwa watu wengi usemi hutegemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo. Sauti ya wimbo, mapigo yake na hisia zake hutawanyika pande zote mbili, na upande wa kulia una sehemu kubwa. Kwa hiyo kiharusi kinaweza kuharibu njia ya maneno kikaiacha njia ya wimbo. Mwaka 1973 madaktari wa Boston, Marekani, walieleza mbinu ya kuwafundisha wagonjwa wa aina hii kusema kwa kupitia mahadhi, yaani mgonjwa anaimba kwanza ombi fupi, kisha polepole mahadhi yanapunguzwa hadi yanabaki maneno. Huwafaa baadhi yao, si wote. Tena mgonjwa anayeimba beti nzima hajarudiwa na usemi bado, kwa hiyo msimhimize "Sema basi, mbona umeimba?" Mtamvunja moyo bure.

Utafiti ninaoutaja mara nyingi kwa jamaa za wagonjwa ulifanywa Helsinki, Finland, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Waliandikishwa wagonjwa 60 waliotoka kupatwa na kiharusi. Kundi moja lilisikiliza kila siku nyimbo lilizozichagua lenyewe, la pili lilisikiliza vitabu vilivyosomwa, na la tatu halikupewa cha kusikiliza. Baada ya miezi mitatu, kumbukumbu ya maneno ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 60 katika kundi la nyimbo, asilimia 18 katika kundi la vitabu, na asilimia 29 katika lile la tatu. Wasikilizaji wa nyimbo walikuwa pia na huzuni kidogo zaidi. Wagonjwa 60 ni wachache, na kumbukumbu ya maneno si kutembea wala kushika kijiko. Hata hivyo, naomba uyaangalie tena maneno haya: nyimbo lilizozichagua lenyewe. Hazikuchaguliwa na watoto wala na daktari.

Kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, kama ule wa Alzheimer, muziki hupunguza huzuni, lakini haurudishi kumbukumbu iliyopotea. Na kwa yeyote yule, hakuna wimbo unaoteremsha presha kiasi cha kukufanya uache vidonge. Nataja hilo kwa sababu nimewahi kuliona.

Kutoka kanda hadi simu

Kumchagulia mtu nyimbo si jambo geni kwetu. Waliokuwa wakubwa miaka ya 1980 wanaikumbuka Mbwana Radio Service, duka la Mji wa Kale lililosifika kwa kanda za taarabu, nyingi zikiwa zimerekodiwa papo hapo harusini. Kanda kama hizo zilifungwa pamoja na halua na barua, zikasafiri hadi Oman na Dubai kwa jamaa waliokwenda kutafuta maisha. Mtu alijua nani apelekewe Juma Bhalo na nani Zuhura Swaleh. Kukosea katika jambo hilo kulikuwa na maana yake, kwa sababu nyimbo za taarabu husema, na anayepelekewa hujiuliza anaambiwa nini.

Lakini kanda ilikuwa na dakika 60 au 90, nusu kila upande. Ikifika mwisho ilikatika kwa mlio wa "tak", na aliyetaka kuendelea aliinuka akaigeuza. Simu haina mlio huo. Orodha ikiisha, mitambo ya YouTube huendelea yenyewe na nyimbo inazodhani zinafanana, na katikati hupenyeza tangazo la biashara kwa kelele. Kwa mtu mzima wa afya ni kero tu. Kwa mgonjwa ambaye ubongo wake unahangaika kutambua sauti, mtu asiyemjua anayepiga kelele chumbani kuhusu mikopo ni kitisho. Pia anachoka. Masaa manne ya muziki mfululizo, kama tulivyomfanyia yule mama, ni mengi mno kwa ubongo unaojitibu. Nusu saa asubuhi na nusu saa alasiri yatosha kuanzia, na kati yake pawe na kimya.

Kwa hiyo zima ile sehemu ya kuendelea yenyewe. Nyimbo zikiwezekana zipakuliwe kwa njia iliyo halali, ili zichezwe bila intaneti na bila matangazo. Hilo huokoa bando, na huondoa udhia mwingine: taarabu nyingi za kale zilitiwa YouTube na wapenzi wake kutoka katika kanda zao, mara kwa jina lisilo sahihi, na wimbo ulioko leo kesho huenda umeondolewa. Mzee aliyezoea wimbo fulani kila asubuhi ataukosa, asiweze kuuliza umekwenda wapi.

Kupanga orodha

Anza na mwaka wa kuzaliwa. Wataalamu wa kumbukumbu wamegundua kwamba mambo tunayoyakumbuka kwa nguvu zaidi uzeeni ni yale ya kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi. Aliyezaliwa mwaka 1950 mtafutie nyimbo za 1960 hadi 1980. Kwa mkaaji wa kisiwa hiki huenda zikawa za Yaseen na kundi lake, Matano Juma na Morning Star, Maulidi Juma, Zein l'Abdin na gambusi lake, au Black Star na Lucky Star za Tanga. Ipo sahani ya mkusanyo iitwayo Zanzibara 2, iliyotolewa Ufaransa mwaka 2005, yenye taarabu za Mombasa za 1965 hadi 1975, na imewapunguzia wengi kazi ya kusaka. Usisahau sinema. Kwa mama wengi wa Mombasa ujana ni Naaz na Regal, na sauti za Lata Mangeshkar na Mohammed Rafi. Umm Kulthum naye ana wapenzi wake hapa, ila kumbuka wimbo wake mmoja waweza kukaribia saa nzima.

Lakini Mombasa si taarabu pekee, wala mzee si lazima apende tunachodhani wazee wanapenda. Nilimtibu mstaafu mmoja wa bandarini, mzee wa kanisa, ambaye wanawe walimpangia tenzi za ibada tupu. Alikuwa akisikiliza kwa adabu, macho yamefumba. Siku moja jirani akapitisha redio ikipiga Franco na T.P.O.K. Jazz, na kidole cha mguu uliopooza kikacheza kwa mara ya kwanza. Mkewe alicheka akasema: "Huyo ndiye niliyemjua mimi, kabla ya hao watoto."

Nyimbo kumi au kumi na tano zinatosha. Zijaribu mmoja mmoja, siku mbalimbali, mtu mmoja akiwa amekaa mbele ya mgonjwa na kazi yake ni kutazama tu. Tazama paji la uso, macho, mkono mzima, pumzi. Kama anaweza kubana kidole chako au kufumba macho, pataneni alama ya ndiyo na alama ya hapana, na umuulize kila wimbo unapokwisha. Andika kwenye daftari. Machozi peke yake si sababu ya kuufuta wimbo, maana mtu hulia pia kwa raha ya kukumbuka. Lakini akigeuza uso, akikaza mwili au akipumua mbio, zima, na siku ya pili usirudie kwa kumjaribu.

Aliye mbali apewe nafasi ya kupendekeza, si ya kutia. Katika huduma kama Spotify, iliyoingia Kenya mwaka 2021, watu kadhaa wanaweza kuongeza nyimbo katika orodha moja, na hapo ndipo vurugu huanza. Mmoja awe na ufunguo, naye awe yule anayeshinda na mgonjwa. Pia tazama jina la orodha na nani anaweza kuiona. Nimewahi kuletewa orodha iliyo wazi kwa dunia nzima, ina picha ya mzee wa watu kitandani, jina lake kamili na ugonjwa wake. Siri ya mgonjwa ni yake hata akiwa hawezi kusema.

Kuna nyumba ambazo muziki hauchezwi, au mzee mwenyewe aliuacha baada ya kuhiji. Uamuzi huo uheshimiwe, wala kiharusi hakijaufuta. Wengine hutulizwa na kisomo cha Kurani, kasida au maulidi ya Barzanji. Angalizo langu hapo ni dogo lakini nimeliona likizua ugomvi mkubwa: kisomo kisiwekwe katika orodha moja na nyimbo. Kuna kijana aliyechanganya vyote, na simu ikatoka katika sura ya Kurani moja kwa moja hadi chakacha. Babake, ambaye hakuwa amesimama kwa mwezi mzima, alijaribu kusimama.

Masikio kwanza

Kabla ya kusema mgonjwa hajibu muziki, mpeleke akatazamwe masikio. Mzee mmoja aliyesemekana "hana habari na dunia" alikuwa na nta iliyoziba pande zote mbili. Ilipotolewa, habari za dunia zilimfikia zote, na nyingine hazikumpendeza.

Spika ndogo ya mezani ni bora kwake kuliko visikizio vya kutia ndani ya masikio, ambavyo humtenga na watu na hawezi kuvitoa kwa mkono mmoja. Sauti iwe kiasi ambacho watu wawili wanaweza kuzungumza juu yake bila kupaza. Hili nawaambia na wajukuu, ambao nawaona katika matatu visikizio vikiwa masikioni na mimi nikisikia kila neno. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 isikilizwe si zaidi ya saa 40 kwa juma. Ikifika desibeli 90, salama yake ni saa nne tu kwa juma zima. Vinyweleo vya sikio la ndani vikifa havioti tena.

Na kama kilio cha mgonjwa hakifuati wimbo wowote, halali, hali, na hataki mtu, usiendelee kubadilisha nyimbo. Karibu mtu mmoja katika kila watatu waliopatwa na kiharusi hupata ugonjwa wa huzuni, nao una tiba. Mlete.

Zaidi ya yote, tujue dalili za mwanzo. Uso umeshuka upande mmoja, mkono ukiinuliwa hauwezi kubaki juu, maneno yamevurugika: hata moja ikitokea ghafla, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, si kesho, wala si baada ya kukandwa mafuta. Usimpe chakula, maji wala aspirini nyumbani, kwani huenda mshipa umepasuka, na bila picha ya ubongo hakuna awezaye kujua. Kumbuka saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mahali inapopatikana, hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze.

Yule mama sasa ana maneno kiasi cha ishirini, pamoja na jina la mjukuu wake. Orodha yake ina nyimbo 14. Mtoto aliyeutia wimbo wa tisa alituma ujumbe wa sauti mrefu, kwanza akilalamika kwamba amefungiwa asiongeze kitu, kisha akanyamaza kidogo, akauliza kama mama alikuwa akimlilia dadake siku zote hizo nao hawakujua.

Tangu hapo nawaambia wagonjwa wangu wa presha na kisukari, ambao ndio walio karibu zaidi na kiharusi, waandike orodha zao wangali wazima. Upande mmoja wa karatasi uwe na nyimbo wanazozitaka, na upande wa pili zile ambazo hawataki kabisa kuzisikia, bila ya kulazimika kueleza sababu. Nimeandika yangu, nyimbo kumi na mbili, nikaitia katika bahasha ya kadi ya bima. Mume wangu ameisoma, akasema nyimbo za Nyota Ndogo zimezidi na Juma Bhalo mmoja ni haba. Nimempa karatasi aandike yake.